Jostiki ya Chombo cha Anga: Hesabu Mihimili Kabla ya Kuhesabu Pesa

Anayetaka jostiki kwa ajili ya gemu za vyombo vya anga, kama Elite Dangerous au Star Citizen, kwa kawaida huanza kwa kutazama picha. Picha hizo karibu zote humwonyesha kitu kilekile: mkono wa kulia umeshika jostiki iliyojaa vitufe, wa kushoto umelala juu ya wenzo mzito wa kasi, na vyote viwili vimenakiliwa kutoka ndege ya kivita. Vinapendeza, hilo halina ubishi. Lakini vilibuniwa kwa ajili ya chombo chenye mabawa kinachobebwa na hewa, ilhali chombo cha anga za juu hakina hewa ya kukibeba wala ya kukizuia. Kwa hiyo kabla hujauliza jina la kampuni, idadi ya vitufe au bei, hesabu chombo unachotaka kukiendesha kinaweza kwenda pande ngapi, kisha jiulize mikono yako miwili itazifikiaje pande hizo zote bila kuachia kitu. Anayehesabu hivyo mara nyingi hununua kitu tofauti na kile cha kwenye picha, na mara nyingi hulipa kidogo zaidi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chombo hugeuka kwa namna tatu: pua kupanda na kushuka, pua kwenda kushoto na kulia, na mwili mzima kubingirika ukilalia ubavu. Zaidi ya hapo, kinaweza kusogea chote kwa namna nyingine tatu bila pua kubadili uelekeo: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Jumla ni mihimili sita. Ndege huishi kwa minne tu kati ya hiyo, kwa maana haiwezi kwenda upande upande wala kurudi nyuma. Rubani wake anageuza kwa namna tatu, anaongeza au kupunguza nguvu ya injini, basi. Vifaa vya ndege vinaigawa kazi hiyo ya minne vizuri sana. Shida huanza pale unapovidai sita. Miwili inayobaki, kusogea ubavu na kupanda wima, husukumiwa kwenye vitufe vidogo vya dole gumba, navyo vinajua kuwaka na kuzima tu.

Waliotengeneza vyombo vya kweli walikutana na hesabu hii tangu miaka ya 1960 na wakaijibu kwa namna moja. Ndani ya Apollo, mkono wa kulia ulishika kidhibiti cha kugeuza: kukisukuma mbele na nyuma kuliinamisha na kuinua pua, kukilaza pembeni kulibingirisha chombo, na kukisokota kuligeuza pua kushoto au kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa na kidhibiti cha pili, chenye mshiko wa umbo la T, ambacho kazi yake ilikuwa kukisogeza chombo mbele, nyuma, pembeni, juu na chini. Hicho hicho, kikizungushwa kinyume cha mwendo wa saa wakati roketi inapaa, kilikuwa njia ya kamanda ya kuamuru safari ivunjwe na wanaanga waokolewe. Ni mshiko ambao hakuna aliyeugusa kwa mzaha. Soyuz ya Warusi nayo ina vidhibiti viwili, cha kushoto cha kusogea na cha kulia cha kugeuka, na vyombo vya Shuttle vya Marekani vilifuata mgawanyo huohuo. Hata SpaceX ilipotoa kwa umma mwaka 2020 mchezo mdogo wa kujaribu kutia gati chombo cha Dragon kwenye kituo cha kimataifa, vitufe vya kioo viliwekwa kwa mpango huo: kusogea kushoto, kugeuka kulia. Mataifa yaliyokuwa yakishindana, kwa mashine tofauti na kwa miongo tofauti, yamefikia mpangilio mmoja, na mchezaji anayetafuta pa kuanzia hana ushahidi mzito kuliko huo.

Msomaji makini ataweka pingamizi hapa, nalo ni la haki. Kidhibiti cha kusogea cha vyombo hivyo vya kweli hakina kiwango. Roketi ndogo za ubavuni ama zinawaka ama zimezimwa, na mshiko wa T kazi yake ni kuziwasha. Kama wanaanga wanaridhika na kuwaka na kuzima, kwa nini mchezaji asiridhike na vitufe vya dole gumba? Jibu liko kwenye muda. Chombo cha kweli hukaribia kituo polepole, kwa dakika nyingi, na watu wa ardhini wanaangalia namba. Hata hivyo mambo huharibika: tarehe 25 Juni 1997, kamanda Vasily Tsibliyev alikuwa ndani ya kituo cha Mir akiileta kwa mbali Progress M-34, chombo cha mizigo, kwa vidhibiti viwili vya aina hiyo. Ilikuja kwa kasi kuliko ilivyoweza kuzuiwa, ikaigonga sehemu ya Spektr na kuitoboa. Katika gemu, mapambano yanapita kwa sekunde, vizuizi viko kila upande, na waundaji wake wameweka msukumo unaopimika, kuanzia mguso mdogo hadi nguvu yote. Kutumia kitufe cha kuwaka na kuzima mahali ambapo gemu inakupa kiwango ni kutupa nusu ya kile ulichonunua. Tunachoazima kutoka kwa wanaanga ni mgawanyo wa mikono. Kipimo cha msukumo tunakipata kwenye gemu yenyewe.

Basi kwa nini soko limejaa vifaa vya ndege? Sababu kubwa ni filamu. George Lucas, alipokuwa akitengeneza Star Wars ya mwaka 1977, alitumia picha za mapigano ya ndege za Vita vya Pili vya Dunia kama kielelezo cha mapigano ya vyombo vyake, na gemu zikafuata nyayo hizo. Elite ya kwanza, ya David Braben na Ian Bell, iliyotoka mwaka 1984 kwa kompyuta ya BBC Micro, ilimpa mchezaji kubingirika na kuinua au kushusha pua, pamoja na kasi, na hakuna zaidi. Wing Commander ya mwaka 1990 na X-Wing ya mwaka 1993 zilirusha vyombo vyake kana kwamba hewa ipo. Kwa gemu za namna hiyo, jostiki moja ya kawaida ilitosha na kubaki. Ziko zilizokwenda njia nyingine, kama Descent ya mwaka 1995, lakini mazoea yalikwishajengeka. Elite Dangerous ilipotoka Desemba 2014 ikiwa na mihimili yote sita, na Star Citizen ilipoanza kuchangiwa fedha na wachezaji tangu mwaka 2012, wanunuzi wengi walikuwa bado wanatafuta kiti cha rubani waliyemwona kwenye filamu.

Tofauti kubwa ya kimwili kati ya kifaa cha ndege na kifaa cha anga iko kwenye springi. Wenzo wa kasi wa ndege hauna springi. Ukiuachia unabaki ulipo. Umetengenezwa hivyo kwa makusudi, kwa kuwa hewa inaivuta ndege nyuma kila sekunde, injini lazima isukume muda wote, na rubani anachagua kiwango akakiacha hapo. Juu kusiko na hewa, chombo kikishapata mwendo kinaendelea nao hata injini ikizimwa. Msukumo unatolewa kidogo, unakatwa, kisha unatolewa wa kinyume unapotaka kusimama. Mkono unaofanya kazi hiyo unahitaji kitu kinachorudi katikati chenyewe, ili kuachia kumaanishe sifuri. Kwenye wenzo usio na springi, sifuri iko mahali fulani katikati ya njia yake, nawe unaitafuta kwa kupapasa huku unapigwa risasi. Nyenzo nyingine zina kijino cha kukujulisha kwamba umefika katikati, na kinasaidia, ila hakimsaidii aliyekipitiliza kwa haraka.

Mchezaji wa Elite Dangerous ana la kujibu hapa. Katika gemu hiyo, msaada wa kompyuta unapokuwa umewashwa, chombo hushika kasi uliyoichagua kwenye wenzo, hugeuka vizuri zaidi kasi inapokuwa karibu na katikati, ambapo kipimo kimepakwa rangi ya buluu, na kugeuza pua kushoto na kulia kumefanywa kuwe kuzito makusudi ili watu wabingirike kisha wainue pua, kama marubani wa ndege. Kwa anayebeba mizigo kutoka nyota hadi nyota, anayechunguza sayari, au anayetua mara mbili tatu kwa usiku, wenzo wa kasi ni raha tupu na sina sababu ya kumwambia auuze. Ila siku atakapozima msaada huo ili apigane au apenye katikati ya mawe, wenzo utageuka mzigo, na mkono wake wa kushoto utaanza kutafuta kitu kingine. Kwenye Star Citizen siku hiyo huja mapema zaidi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni unacheza vipi. Jina la gemu peke yake halitoshi kuamua.

Tuifanyie hesabu seti mashuhuri. HOTAS Warthog ya Thrustmaster, iliyotoka mwaka 2010 kwa kunakili vidhibiti vya ndege ya A-10C, ni ya chuma, ina uzito wa zaidi ya kilo 6, na bei yake ni mara kadhaa ya jostiki ya kawaida. Jostiki yake haisokoti. Inakupa kuinua pua na kubingirika, wenzo unakupa kasi, na kugeuza pua kushoto na kulia kunakudai ununue pedali za miguu. Kwa pesa yote hiyo umepata mihimili mitatu ya uhakika, na kilichobaki unakichokonoa kwa dole gumba. Sasa chukua jostiki mbili za bei ya kati, kila moja ikilala mbele na nyuma, ikilala kushoto na kulia, na ikisokota. Tatu na tatu, sita, zote zikirudi katikati zikiachiwa. T.16000M ya kampuni hiyohiyo ina vipande vya kubadilisha ili ishikwe na mkono wowote, na Thrustmaster wenyewe wameiuza katika boksi la jostiki mbili lililolengwa kwa gemu za anga. VKB wanatengeneza Gladiator kwa mkono wa kulia na kwa mkono wa kushoto, pamoja na kishikizo kinachoilaza ile ya kushoto ili iwe nyepesi kusukuma mbele na kuvuta nyuma. Virpil nao wana mishiko ya mikono yote miwili, kwa mfuko mpana zaidi. Anayeagiza kutoka nje asisahau kwamba usafirishaji hulipiwa kwa uzito: chuma kinachosifiwa kwa kutotikisika ndicho kinachovimbisha gharama hadi Dar es Salaam au Mombasa. Mwenye PlayStation au Xbox naye ana mipaka yake, kwani mashine hizo hukubali vifaa vichache vilivyoidhinishwa tu, na mpango wa jostiki mbili kimsingi ni wa kompyuta.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la kipanya. Kuna wachezaji hodari, hasa wa Star Citizen, wasiomiliki jostiki yoyote, na wanawashinda wanaomiliki. Freelancer ya mwaka 2003, mradi uliobuniwa na Chris Roberts huyohuyo wa Wing Commander na Star Citizen, ilichezwa kwa kipanya na haikukubali jostiki kabisa. Tukubali: kwa kulenga shabaha, hasa silaha zinazojigeuza zenyewe kidogo kumfuata adui, kipanya kinashinda. Mkono unakiweka pale jicho linapotazama. Ila kinaweza mihimili miwili tu, na minne iliyobaki inakwenda kwenye kibodi, ambako kila kitufe ni nguvu yote au hakuna. Jaribu kutua kwenye gati kwa vitufe vya kibodi, au kushuka sentimita kwa sentimita kando ya meli ya mwenzako ili apakie mzigo, utaona chombo kinavyoruka kama mbuzi. Anayetafuta kushinda mapambano ya silaha za kulengea na asiyejali mengine, abaki na kipanya na aweke pesa yake kwenye kadi ya picha. Anayetaka kuhisi kwamba anaendesha chombo, kwa kila upande, jibu lake ni tofauti. Pedi ya kawaida iko katikati ya wawili hao: vijistiki vyake viwili vina mihimili minne inayorudi katikati, jambo zuri, lakini mwendo wa kidole gumba ni mfupi mno kwa kazi ndogondogo.

Ukishaamua idadi, geukia kinachojificha ndani ya boksi. Jostiki za bei ya chini aghalabu hupima mwendo kwa potenshiometa, kifaa kilekile kilicho nyuma ya kitufe cha sauti cha redio ya zamani: kidole cha chuma kinasugua utepe wa kaboni. Kila fundi redio anajua kinavyoanza kukoroma kikichakaa au kikiingia vumbi, na kwenye gemu mkoromo huo unageuka kuwa pua inayotetemeka bila kuguswa. Jostiki bora hutumia sumaku na kihisi kinachofuata kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879, ambapo sehemu hazigusani, kwa hiyo hakuna cha kuchakaa kwa kusuguana. Kwa mkaaji wa pwani, ambako hewa ya chumvi hula kila mguso wa chuma, tofauti hii ina thamani kuliko vitufe kumi vya ziada. Tahadhari moja: boksi linaposifia kihisi cha sumaku, mara nyingine linazungumzia mihimili miwili ya kulala tu, na ule wa kusokota bado ni potenshiometa. Katika mpango wa jostiki mbili unautegemea usokotaji kila sekunde, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Namba za usahihi zinazotangazwa, mathalani thamani 16,384 kwa kila mhimili, zisikushughulishe sana. Mkono wa binadamu hauwezi kuzitumia zote. Kinachohisiwa na mkono ni katikati. Isukume jostiki kidogo sana kushoto, kisha kulia, usikilize kama kuna kulegea au mgongano wa springi pale inapovuka. Jostiki yenye katikati laini hulenga vizuri hata kama plastiki yake ni ya kawaida.

Umuhimu wa hisia hiyo una ushahidi kutoka kwenye ndege halisi. Jostiki ya F-16 za mwanzo haikusogea kabisa; ilipima nguvu ya mkono tu. Kwa hesabu za wahandisi ilitosha, lakini marubani hawakuipenda, na baadaye ikapewa uwezo wa kusogea kidogo ili mkono ujue umefanya nini. Kwa hiyo usinunue jostiki ngumu kwa kuamini kwamba ugumu ni ubora. Springi nzito inachosha, na kwenye kusokota inakufanya ulaze jostiki pasipo kukusudia. Kama kifaa chako kina springi za kubadilisha, anza na nyepesi.

Kwa anayenunua iliyotumika, chomeka jostiki kwenye kompyuta ya Windows, fungua joy.cpl, dirisha la kujaribia jostiki, na utazame alama ya msalaba ukiwa hujaigusa. Ikicheza, kihisi kimechoka. Izungushe polepole hadi kona zote nne, angalia kama inafika mwisho wa kila upande, kisha iachie ghafla mara kadhaa na uone kama inarudi palepale. Sokota. Bonyeza kila kitufe. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekwisha kukujibu.

Sasa ufungaji, sehemu ambayo watu huipuuza na ambayo mimi naiona ina uzito kuliko tofauti ya bei kati ya jostiki na jostiki. Jostiki iliyowekwa juu ya meza ya kawaida inaupandisha mkono kwa urefu wa jostiki nzima. Bega linainuka, kifundo kinakunjwa, na baada ya saa moja usahihi umekwisha kwa sababu msuli umechoka. Kiwiko kinapaswa kukaa karibu na pembe mraba, mkono wa chini ukiwa umeegemea kitu, na kiganja kikifika kwenye mshiko bila kunyanyuka. Kwa jostiki mbili hiyo ina maana vitako vyake vishuke chini ya usawa wa meza, pembeni mwa mapaja, kwa upana wa mabega. Vipo vishikizo vya chuma vinavyobanwa kwenye ukingo wa meza, na ni vizuri, ila bei yake wakati mwingine hukaribia ya jostiki. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukukatia vibao viwili vya mbao ngumu, akavitoboa kufuata matundu ya skrubu yaliyo chini ya vitako vingi, na ukavibana kwa jiliwa kwenye mikono ya kiti au kwenye fremu ya meza. Kigezo cha ufungaji mzuri ni kwamba ukisukuma jostiki hadi mwisho, kitako hakitembei hata kidogo. Kitako kikitembea, kila marekebisho utakayoyafanya baadaye kwenye programu yatakuwa yanajenga juu ya mchanga. Geuza pia vitako vyote viwili kidogo kuelekea ndani, kwa sababu mkono ukinyooshwa mbele kwa asili hauendi sambamba na mwili; jostiki iliyonyooka kabisa hukufanya ubingirike kidogo kila unapoinamisha pua.

Halafu programu. Mgawanyo wa kuanzia ni ule wa wanaanga: kulia kugeuka, kushoto kusogea. Mkono wa kushoto, mbele na nyuma ni msukumo wa mbele na nyuma, pembeni ni kusogea ubavu, na kusokota ni kupanda na kushuka, japo wengine huona hilo la mwisho ni geni na kukihamishia kitufe cha dole gumba kazi hiyo hadi wazoee. Kwa mkono wa kulia kuna uamuzi mmoja wa kweli: nini kilale pembeni na nini kisokote. Kwenye Elite Dangerous, kubingirika kukae kwenye kulala pembeni na kugeuza pua kuwe kwenye kusokota, kwani kugeuza pua ni kudhaifu na hutumika kurekebisha shabaha tu. Kwenye gemu ambako pua hugeuka kwa nguvu pande zote, wapo wanaobadilisha, ili kulenga kote kufanywe kwa kulaza jostiki na kubingirika kuachiwe kusokota. Vyote viwili vina mantiki; chagua kimoja, ukiandike, usikibadilishe katikati ya wiki.

Eneo mfu ni ile sehemu ya katikati ambamo gemu inapuuza mwendo wa jostiki. Gemu nyingi huja na eneo kubwa kuliko inavyohitajika, kwa kuhofia potenshiometa zilizochoka. Chukua jostiki inayolala nyuzi 20 kila upande: eneo mfu la asilimia 10 linakula nyuzi 2 kila upande, na hizo ndizo nyuzi za kulengea. Kwa kihisi cha sumaku anza na sifuri, panda asilimia moja moja hadi chombo kitulie mkono ukiwa mbali. Mhimili wa kusokota ndio pekee unaostahili eneo mfu la makusudi, labda asilimia 5, ili usigeuze pua kila unapokaza kiganja.

Mpindo wa mwitikio ni jambo jingine, na hapa naona watu wanazidisha. Mpindo hupunguza ukali wa jostiki karibu na katikati na kuurudisha mwishoni. Ukichanganya nusu ya mwitikio ulionyooka na nusu ya ule wa kipeo cha tatu, jostiki ikilazwa asilimia 20 gemu inapokea kama asilimia 10, na ikilazwa asilimia 80 inapokea kama 66. Kwa kulenga, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini mpindo mkali zaidi ya huo huifanya sehemu ya mwisho iruke: mkono unajifunza lugha mbili, ya katikati na ya pembeni, na kuvuka mpaka kati ya hizo mbili kwenye mapambano ni bahati nasibu. Weka mpindo wa wastani kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto acha mwitikio ulionyooka kabisa. Msukumo unataka utabirike.

Jostiki mbili zinazofanana zina usumbufu mmoja wa kijinga. Kompyuta inaweza kuzichanganya, ya kushoto ikawa ya kulia, hasa ukihamisha waya kwenye matundu tofauti ya USB. Zibandike alama, kila moja iwe na tundu lake la kudumu, na ukimaliza kupanga vitufe nakili faili la mpangilio mahali salama, kwa sababu masasisho ya gemu yamewahi kuwafutia wengi kazi ya usiku mzima.

Kuna jaribio moja linaloonyesha haraka kama mpangilio umekubali. Tafuta jiwe kubwa linaloelea peke yake, zima msaada wa kompyuta, simama umbali wa mita mia chache pua ikilitazama, kisha lizunguke bila pua kuliacha. Mkono wa kushoto unasogeza ubavu, wa kulia unageuza pua kulifuata, na msukumo mdogo wa mbele unakuzuia usitupwe nje ya mzingo. Chombo kikitetemeka kama kinabishana nawe, punguza mpindo au angalia kitako. Kikipanda au kushuka bila kuamriwa, usokotaji wa kushoto unahitaji eneo mfu. Kikibingirika kila ukiinua pua, kizungushe kitako cha kulia nyuzi chache ndani na ujaribu tena. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, uzunguke jiwe mara kadhaa pande zote mbili, ndipo uguse kingine. Mikono iliyozoea wenzo wa kasi itachukua muda kuacha kutafuta mahali pa kuuacha. Wakati huo punguza kasi, ongeza umbali, na usiingie kwenye mapambano yanayokugharimu chombo ulichokilipia.